Vifaranga Waliofuata Leso

Kuku aliyehukumiwa kuchinjwa katika kisa hiki hakuwa na kosa. Nilipofika kwa shangazi Jumamosi ile ya Agosti, maji ya kunyonyolea yalikuwa yameshachemka, na binti yake wa gredi ya 5 alikuwa nyuma ya jikoni akimvizia Kishingo. Mashtaka yalikuwa mawili: amekataa watoto aliokabidhiwa, na amemdonoa mmoja wao mpaka damu.

"Kuku gani huyu hana huruma," shangazi aliniambia hata salamu hazijaisha. "Madoa alipewa wake na anawalea. Huyu anawaangalia tu wakifa."

Nilimwomba anipe siku moja. Mimi ni mwalimu wa biolojia, si daktari wa mifugo, na shangazi hunikumbusha tofauti hiyo kila nikifungua mdomo kuhusu ng'ombe wake. Lakini aliponieleza mambo yalivyokwenda, niliona kitu ambacho watu wa maabara hukitengeneza kwa jasho: vifaranga 20 wa boksi moja, waliototolewa usiku mmoja na mashine moja, wakagawanywa nusu kwa nusu, nusu hii ikanawiri na nusu ile ikaanza kupukutika. Hapo huna haja ya kupiga ramli. Unauliza tu ni nini kilitofautiana.

Boma lenyewe liko kati ya Mbale na Chavakali, huko Vihiga, penye yale mawe makubwa ya Maragoli. Shamba ni dogo kiasi kwamba ukirusha jiwe litamwangukia jirani: migomba, kipande cha majani ya nepia ya ng'ombe mmoja, jikoni, kibanda cha kuku. Kuku wawili walikuwa wakiatamia. Madoa alikuwa mbele, mayai yake yaliangua Jumatatu na kumpa vifaranga 5. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, alichelewa kukalia mayai, kwa hiyo alibakiwa na karibu wiki nzima. Shangazi alikuwa ameagiza vifaranga 20 wa kienyeji walioboreshwa kutoka kwa muuzaji wa Kisumu, akipanga kuwachomeka chini ya kuku hao usiku. Ni hila ya zamani na kila mama wa pale anaijua. Kuku akilala na watoto 5 akaamka na 15, hahesabu.

Boksi lilifika kwa matatu Jumanne jioni, kadibodi yenye matundu. Ndani kulikuwa na giza na makelele. Vifaranga walikuwa na umri wa siku moja, wakaweza kusafiri bila chakula kwa sababu kifaranga huzaliwa na kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake, akiba inayomlisha siku mbili tatu. Usiku huohuo, taa ikiwa imezimwa, 10 wakaingizwa chini ya Madoa. Asubuhi alitoka na watoto 15 nyuma yake na hadi nilipofika siku ya 12 alikuwa hajapoteza hata mmoja.

Wale 10 wengine ilibidi wamngoje Kishingo. Shangazi hakuwa na taa ya joto, na stima ya huko haiaminiki kwa kazi ya namna hiyo. Akafanya wanavyofanya wengi: alikata kadibodi kubwa, akatandika majani makavu ya mgomba, akaweka katikati mtungi wa lita 5 uliojaa maji moto. Ili mtungi usiwaunguze, aliufunga kwa leso kuukuu nyekundu. Maji yalipopoa, binti aliutoa, akaujaza tena, akaufunga na kuurudisha. Asubuhi, mchana, jioni, na mara moja kabla ya kulala. Mtungi ulipotoka, vifaranga walilia kwa fujo; uliporudi, walijikusanya ubavuni mwake na kunyamaza. Yule mtoto alinieleza hilo bila kuulizwa, na kumbe ndilo lililobeba kisa chote.

Jumatatu iliyofuata Kishingo akaangua 6. Usiku, wale 10, sasa wa siku 7, wakachomekwa chini yake kama wenzao walivyochomekwa kwa Madoa. Kulipopambazuka Kishingo alitoka kibandani akiita kwa ile sauti ya chini ya kuku mwenye watoto. Sita wakamkimbilia. Kumi wakamkimbia. Walienda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, wakasimama pale wakilia, na binti alipotoka na mtungi wakamwandama. Jumatano watoto wa jirani walikuwa wanakuja kutazama: msichana anaenda chemchemi, leso nyekundu begani, vifaranga 10 kwa mstari nyuma yake kama wanafunzi wa chekechea.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Agosti mvua ya Maragoli huja mchana kana kwamba imeajiriwa kwa saa maalum. Ilipokuja Jumatano, Kishingo aliwaita wake akawafunika kwa mbawa chini ya ghala. Wale 10 walibaki wamejibana kwenye ukuta wa jikoni, na jioni wawili walikuwa wamekufa kwa baridi. Alhamisi mwewe alipita. Kishingo alipiga ukelele wa hatari, sita wakazama kwenye nepia. Wanane walibaki uwanjani wakishangaa, akachukuliwa mmoja. Ijumaa mmoja wao alijaribu kujipenyeza chini ya Kishingo akadonolewa kichwani. Jumamosi nilipofika walikuwa 7, na mmoja ana kidonda.

Maelezo hayakukosekana. La shangazi nimeshalitaja: kuku ni mbaya. Lakini kuku mbaya hawezi kufunika sita wakati wa mvua na kuwaokoa na mwewe. Kishingo alikuwa akifanya kazi yake yote, ila kwa watoto sita. Jirani mmoja alisema vifaranga wa mashine hawana akili. Hilo nalo halisimami, kwani wa Madoa walitoka kwenye mashine ileile na boksi lilelile. Kulikuwa hata na dai kwamba vifaranga waliiogopa shingo yake tupu, ambalo lingekuwa zuri sana kama wale sita wa tumbo lake wasingekuwa wanamfuata shingo ikiwa tupu vilevile.

Mzee wa boma la pili ndiye aliyenipa shida, kwa sababu alikuja na methali, na methali yenyewe ina ukweli. "Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura," alisema. Kwamba kumfuata mama ni jambo analozaliwa nalo kifaranga. Asiyefuata ni mgonjwa. Na kweli hafunzwi kuchakura. Kifaranga wa saa chache anadonoa punje, anachakura, anajua kukimbilia joto, na wala hajaona mtu akifanya hayo. Kitu ambacho hakuzaliwa nacho ni sura ya mama. Anazaliwa na hamu ya kufuata, na pengo la kujaza: amfuate nani. Pengo hilo hujazwa katika siku za mwanzo kabisa za maisha yake, na hujazwa na kile kinachopita mbele ya macho.

Kabla ya kumweleza shangazi lolote nilitaka kuhakikisha. Nilimwomba binti anipe mtungi bila leso, umejaa maji moto. Leso tukaifunga kwenye ndoo kuukuu ya rangi, baridi kabisa. Tukaviweka vitu hivyo viwili uwanjani, hatua kama nne kati yao, na vifaranga 7 katikati. Sita walikwenda kwenye leso wakajilaza kando ya ndoo baridi. Mmoja alisimama alipo akilia. Tukabadilisha pande, ili isiwe ni kivuli au mteremko. Walihama na leso. Basi hawakuwa wanafuata joto, hawakuwa wanamfuata hata yule mtoto aliyewahangaikia wiki nzima. Walikuwa wanafuata kitambaa.

Shangazi aliyatazama yote hayo mikono kiunoni. "Kwa hiyo mama yao ni leso yangu."

Ndivyo, nikamwambia. Na jambo hili lina historia ndefu kuliko unavyodhani.

Mtu wa kwanza kulichunguza kwa makini alikuwa Mwingereza, Douglas Spalding, ambaye ujanani aliezeka mapaa huko Aberdeen kabla ya kujipenyeza kwenye mihadhara ya chuo. Mwaka 1873 alichapisha majaribio yake ya vifaranga. Alikuwa akiwavisha vifuniko vidogo vya macho mara wanapototolewa, kisha anawavua siku tofauti tofauti. Waliovuliwa mapema walimfuata yeye Spalding kama mama. Waliokaa gizani hadi karibu siku ya nne walipomwona mara ya kwanza walimkimbia kwa hofu kuu. Kifaranga yuleyule, mtu yuleyule. Siku mbili tatu zimegeuza mapenzi kuwa woga. Miaka mingi baadaye Konrad Lorenz wa Austria, aliyekuwa akiandamwa na mabata bukini kila aendapo, alilipa jambo hilo jina la Kijerumani, Prägung, neno la kugonga chapa kwenye sarafu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen. Mimi nitaliita chapa.

Kilichonifanya nicheke peke yangu pale uwanjani ni kumbukumbu ya maabara ya Gabriel Horn huko Cambridge. Kwa miaka mingi Horn na wenzake walitumia vitu viwili kuwapiga vifaranga chapa: kuku aliyekaushwa, na kasha jekundu linalozunguka na kuwaka taa. Shangazi wangu, bila ruzuku ya mtu, alikuwa amejenga kasha jekundu lake jikoni, tena lenye joto, tena linaloondoka na kurudi mara nne kwa siku. Kama ungeniagiza nibuni kitu cha kumteka kifaranga nisingefika mbali zaidi.

Horn alitaka kujua chapa inagongwa wapi. Jibu lilikuwa kipande kidogo cha ubongo wa mbele wa kifaranga, ambacho leo huitwa IMM. Kikiharibiwa, kifaranga hawezi kujifunza nani wa kumfuata, ingawa bado anaweza kujifunza mambo mengine. Na ndani ya kipande hicho, hasa upande wa kushoto, mafunzo huacha alama za kweli. Seli za ubongo huzungumza kwa kurushiana kemikali, na ile iliyo mashuhuri zaidi kwa kazi ya kusisimua huitwa glutameti. Seli inayopokea ina vipokezi vya kuidaka. Mwaka 1988 Brian McCabe na Horn walionyesha kwamba vifaranga waliojifunza vizuri walikuwa na vipokezi zaidi vya aina ya NMDA katika upande huo wa kushoto, na vilijitokeza saa kadhaa baada ya mafunzo, si papo hapo. Kwa hiyo leso ya shangazi haikuwa kumbukumbu hewani. Ilikuwa imeshajengwa, ina mabomba na nyaya zake.

Kuna matokeo mengine ya maabara hiyohiyo ninayoyapenda zaidi. Mwaka 1985 waliwapa vifaranga dawa inayopunguza noradrenalini ubongoni, kemikali ambayo kazi yake ni kama ya kengele ya shule: kuamsha, kusema zingatia hiki. Vifaranga hao wakashindwa kujifunza kasha jekundu. Kuku aliyekaushwa hakuwapa shida kubwa kiasi hicho. Maana yake kichwani mwa kifaranga kuna njia mbili. Moja ni mwelekeo aliozaliwa nao, wa kuvutwa na kitu chenye umbo la kichwa na shingo. Nyingine ni mafunzo yenyewe, ambayo yanaweza kushika kitu chochote. Kwa kawaida hizo mbili hukutana kwa kuku mmoja na hakuna anayegundua kwamba ni mbili. Vifaranga wa Madoa walipata zote kwa pamoja asubuhi yao ya pili duniani. Wale wa jikoni walipata moja tu. Mzee wa methali, kwa hiyo, alikuwa na nusu ya jambo.

Ukiniuliza kile kilio cha mtungi unapotolewa ni nini, nitakutajia Jaak Panksepp. Miaka ya 1970, yeye na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba dozi ndogo za dawa za jamii ya mofini, ile dawa kali ya maumivu, humnyamazisha kifaranga aliyetengwa na wenzake, dozi ambazo hazitoshi kumlaza usingizi. Ubongo hutengeneza vitu vya jamii hiyo wenyewe. Kuwa karibu na unayempenda na kupungukiwa maumivu hutumia sehemu ya mashine ileile. Binti wa shangazi alikuwa akisikiliza hayo, akauliza kama ndiyo maana yeye alilia mama alipolazwa. Nilisema nadhani kuna undugu. Tukaendelea.

Sasa suala la wakati, ambalo watu wengi hulifupisha vibaya. Shangazi, aliposikia habari za siku za mwanzo, alilimaliza kwa neno moja: "Samaki mkunje angali mbichi. Hawa wamekauka." Na ndivyo ilivyofundishwa muda mrefu, kwamba kuna dirisha, saa inagonga, dirisha linafungwa. Lakini samaki hukaushwa na jua, apende asipende. Kifaranga hukaushwa kwa sehemu kubwa na kile alichojifunza. Patrick Bateson, mwenzake Horn, alilisisitiza hilo: kifaranga aliyenyimwa vitu vya kuona hukaa tayari kujifunza kwa muda mrefu zaidi, na aliyeshapata wa kumfuata hufunga mlango mwenyewe. Akishamjua mama, kila asiye mama anakuwa wa kuogopwa. Woga huo ndio waliokutana nao Spalding mwaka 1873 na Kishingo Jumanne asubuhi.

Nani anaufungua mlango huo kwanza? Hapa kuna kazi ya Wajapani iliyochapishwa mwaka 2012 ambayo ilinishangaza nilipoisoma. Ni homoni ya tezi ya thairoidi, ile tezi ya shingoni ambayo ikivimba watu husema mtu ana rovu. Tezi hutoa hasa homoni iitwayo T4, yenye atomi 4 za iodini. Kimeng'enya kiitwacho Dio2 huing'oa atomi moja, ikabaki T3, na T3 ndiyo yenye nguvu. Kifaranga anapoanza kufuata kitu, Dio2 iliyo kwenye kuta za mishipa ya damu ya ubongo hufanya kazi haraka, T3 ikamiminika ndani ya ubongo, na kipindi cha kujifunza kikafunguka. Yaani mlango unafunguliwa na anayebisha hodi. Zaidi ya hapo, vifaranga ambao muda wao ulikuwa umepita bila kujifunza chochote walipodungwa T3 waliweza kupigwa chapa. Na wale waliofunguliwa vizuri walibaki wepesi wa kujifunza kwa zaidi ya wiki, hata mambo mengine.

Nikitoka nje ya kuku kidogo: iodini hiyohiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye pakiti ya chumvi ya duka lolote la Mbale, na sababu yake kuu ni ubongo wa mtoto, kuanzia tumboni. Wanafunzi wangu hudhani ni ya rovu tu.

Turudi uwanjani, kwa sababu jambo hilo la T3 lilibadilisha ushauri wangu. Kama shida ingekuwa umri, vifaranga wa siku 12 wangekuwa wameshapotea na Kishingo angeenda sufuriani, au vifaranga wangerudishwa jikoni hadi waote manyoya. Lakini hawa hawakuwa vifaranga waliokosa kujifunza. Walijifunza vizuri mno, na mapema. Ubongo uliojifunza kitu cha kwanza kwa nguvu namna ile ungeweza kujifunza cha pili, mradi woga upungue na cha kwanza kitumike kama daraja. Kikwazo cha upande wa pili kilikuwa Kishingo mwenyewe. Kuku anayeatamia huongozwa na prolaktini; homoni hiyo hupanda akiwa juu ya mayai, na mguso wa vifaranga tumboni humsaidia kubaki katika hali ya umama. Usiku wa kuangua angeweza kufunika chochote chenye joto. Baada ya siku chache amewazoea wake, na mgeni anayekuja kwa papara anadonolewa. Kwa hiyo kidonda kile hakikuwa roho mbaya. Kilikuwa kuchelewa, na aliyechelewa si yeye.

Nilimwambia shangazi nahitaji leso ikatwe mara mbili. Alikataa. Ilikuwa kuukuu, ilikuwa imetoboka, ilikuwa imefunga mtungi wa kuku, lakini kukatwa ni jambo jingine. Tulijadiliana hadi chai ikapoa. Mwishowe alikata mwenyewe, kwa mkono wake, nami nikatazama pembeni.

Nusu moja tuliitandika pembe ya kibanda ambapo Kishingo hulala, nusu ya pili tukaifunga kwenye mlango kwa ndani. Usiku tukawachomeka wote 7 chini yake, juu ya leso. Jumapili hatukuwaachia. Tuliwafunikia kuku na watoto wote 13 ndani ya tenga kubwa kivulini, leso ikiwa sakafuni, maji na chakula humohumo. Mtungi ulipigwa marufuku uwanjani, na binti akaamriwa asivae nyekundu, amri aliyoitimiza kwa manung'uniko kwani sweta yake ya shule ni ya rangi hiyo na ndiyo aliyokuwa akivaa likizo. Asubuhi Kishingo alidonoa mara tatu nne. Mchana alikuwa amechoka kudonoa. Jua lilipotua, wawili walikuwa wamelala kwenye ubawa wake, na wengine kwenye leso lakini migongo yao ikimgusa.

Kila usiku shangazi alipunguza leso, akiikunja ndogo zaidi. Jumatano walifunguliwa. Wanne walitoka nyuma ya Kishingo na sita wake. Watatu walikimbilia jikoni, wakakuta hakuna mtungi, wakalia, na mmoja akarudi kwa kundi alasiri mvua ilipoanza kunukia. Wawili hawakurudi kabisa. Hao walilelewa na binti jikoni hadi wakaota manyoya ya kutosha, na hadi leo hulala juu ya kuni badala ya kibandani.

Watano kati ya saba, basi. Sidai kwamba ni leso iliyofanya kazi. Kuwafungia pamoja siku tatu huenda kulifanya zaidi, na ubawa wenye joto wakati wa mvua ni mwalimu kuliko mimi. Kama ningekuwa maabara ningetenga kundi la tenga bila leso. Nilikuwa kwa shangazi, na nilikuwa nikiokoa kuku wawili: wa kwanza asife kwa baridi, wa pili asife kwa kisu. Watafiti kama Johan Bolhuis na Bateson wamewahi kuonyesha kwamba mapendeleo ya kifaranga yanaweza kuhamishiwa kitu cha pili, lakini cha kwanza hakifutiki, kinabaki chini na kinaweza kuibuka tena. Jambo hilo tulilishuhudia mwezi uliofuata, nusu ya leso ilipoanikwa kambani. Vifaranga watatu wa kundi la Kishingo, wakubwa sasa, wenye manyoya, waliacha kuchakura wakaja kusimama chini yake. Walikaa kidogo, kisha wakarudi kwa mama yao.

Kosa la kisa hiki, nikilitafuta, si la mtu. Kama Kishingo angekalia mayai siku moja na Madoa, hakuna ambaye angejua lolote. Kama nusu ya boksi ingechelewa wiki moja, vilevile. Na kama wale 10 wangewekwa kwenye joto lisilo na rangi wala mwendo, kizani, kuku akaletwa mapema zaidi, huenda mambo yangekuwa tofauti, ingawa Spalding angenionya kwamba hata giza lina mwisho wake. Lililo rahisi zaidi lilikuwa kuwaingiza wote 20 kwa Madoa usiku ule wa kwanza na kumwongezea mtungi pembeni kwa ajili ya joto, uliofungwa kwa gunia la kahawia. Kuku mmoja hawezi kuwafunika 25, lakini anaweza kuwaongoza 25, na joto la ziada mtu anaweza kulipika.

Desemba shangazi aliagiza wengine 20. Nilikuwepo alipompigia simu muuzaji, spika ikiwa wazi.

"Wameanguliwa lini?"

"Jana usiku, Mama. Wazuri sana."

"Na wameona nini?"

Kimya kidogo. "Mama, wameniona mimi."

"Basi wafunike," shangazi akamwambia. "Na wewe usiwachungulie tena."